Dolsho ya Mama Lul

Garissa, 6 Februari 1967

Kwako Abowe Warfa, kaka yangu wa tumbo moja,

Asalaam aleikum wewe na wote waliomo nyumbani mwako. Mimi ni mzima. Hoteli yangu ya chai bado imesimama, ingawa tangu mambo haya ya vita yaanze wateja wanakunywa wakiangalia mlango, na vikombe vinarudi nusu. Idi tulisali salama. Jirani yangu Saynab anakusalimu. Jino lake lile limeng'olewa na sasa linauma la pili. Mto umejaa, na kiboko amekula mahindi yote ya ng'ambo.

Usishangae kuona naandika Kiswahili. Karani wa posta ameniambia barua ya Kiarabu inapelekwa mbali kutafutiwa msomaji, na msomaji akipatikana anatafutiwa kibali. Ya Kiswahili inafunguliwa hapa hapa, inasomwa, inafungwa. Kwa hiyo na wewe niandikie Kiswahili, kile ulichojifunza ulipokuwa ukiuza mbuzi Isiolo. Nawe usomaye katikati, salamu zako pia.

Mume wangu Nunow amerudi. Unakumbuka askari walimchukua pamoja na wanaume wengine wa mtaa wetu wa bulla, siku ile tuliyokalishwa wote uwanjani juani. Lori limemshusha hapa baada ya Idi. Amekonda, lakini anakula. Sina zaidi juu ya hilo.

Ninalotaka ni hili. Siku ya harusi yangu hapo Rhamu, Mama, Mungu amrehemu, aliwaokea wageni dolsho, ile keki ya mayai na iliki inayookwa kwa makaa chini na juu ya kifuniko. Mimi nilikuwa ndani, bibi harusi, nimefunikwa shuka, sikuonja hata chembe. Tangu siku hiyo Mama hakuioka tena mpaka alipofariki. Nataka kujua aliiokaje. Mayai mangapi, sukari kiasi gani, alianza na nini. Nina mgeni ambaye anaitaka hiyo na haitaki nyingine. Saynab alinifundisha ya kwake, nikaioka, mgeni akaonja, akasema ni nzuri sana lakini siyo.

Nijibu mapema, tafadhali.

Dada yako,
Jawahir

*

Rhamu, 22 Machi 1967

Kwa Abayo Jawahir,

Waaleikum salaam warahmatullahi. Barua yako ilinifikia pamoja na Idi kubwa, imegongwa mihuri mingi kama mfuko wa unga wa msaada. Sisi hatujambo. Mke wangu Kaaha ni mzito, miezi yake inakaribia, na ananuna kila akisikia harufu ya vitunguu, jambo gumu hapa kwetu. Vitunguu vyenyewe, kando ya mto Daua, vimetoka vizuri. Tunaviona kwa mbali, kwa sababu tumehamishiwa katika kijiji kipya chenye ua wa miiba, na lango linafunguliwa saa wanayotaka wenyewe. Ni kijiji kizuri. Kina lango. Ngamia wangu hawajambo, wako chini ya uangalizi.

Kwa habari ya Nunow tumeshukuru Mungu. Nimeona umeandika mistari michache juu ya mume aliyerudi, na ukurasa mzima juu ya keki. Sikuelewa, lakini siulizi.

Dolsho ya Mama naikumbuka kuliko mtu yeyote, kwa sababu ni mimi niliyebeba sinia. Iliinuka kama nundu ya ngamia aliyekula majani ya mvua. Rangi yake ilikuwa ya dhahabu. Wageni wa Garissa walipoionja walinyamaza, wakaendelea kunyamaza. Mpaka leo sijaona chakula kilichonyamazisha watu namna ile. Na Mama, unavyojua, alikuwa mtu wa ngamia aliyezaliwa porini. Lakini alisikia kwamba watu wa mjini wanakaribishwa kwa dolsho, na akasema binti yake hataolewa kwa maziwa matupu.

Alivyoioka sijui. Mimi ni mwanamume, nilikuwa nje. Aliyekuwa naye jikoni ni mdogo wake, Habaryar Bishara, ambaye yuko upande wa Banissa. Nitatafuta njia ya kumfikia.

Lakini mgeni gani huyo anayeijua dolsho ya Mama? Waliokuwepo siku ile nawajua wote.

Kaka yako,
Warfa

*

Garissa, 15 Aprili 1967

Abowe wangu Warfa,

Salamu nyingi, na Kaaha nampa pole ya vitunguu. Mwambie anuse ndimu. Hapa joto limekaa kwenye mabati halitoki. Saynab amepata mchumba wa tatu na anasema huyu ana meno yake yote.

Umeniuliza mgeni ni nani. Mgeni ni Nunow.

Asubuhi ya kwanza alinisalimia vizuri, akaniuliza mwenye nyumba yuko wapi. Nikamwambia mwenye nyumba ni wewe. Akacheka kwa adabu, kama mtu anavyocheka mzaha wa mzee. Tangu siku hiyo analala barazani mwa hoteli. Akiamka anafagia ua, kwa sababu hapendi kula bure kwa watu. Ananiita "mama wa nyumba hii". Ananisimulia habari za mkewe: anasema ni mkali kidogo lakini ana moyo, na kwamba akija kumchukua nisimwambie alikula kwangu, atachukia.

Hajarukwa na akili, Abowe. Bei ya mbuzi anaijua, sala hakosi, watu wa bulla anawajua kwa majina yao. Nikamkalisha, nikamwambia, "Nunow, mimi ndiye Jawahir." Akasema, "Kule nilikokuwa walikuja wengi wakisema ni ndugu zangu. Walikuwa wapole. Walinijua jina, na la baba yangu, na la shule aliyosoma mdogo wangu. Kisha wakataka majina ya wengine."

Nikamwuliza nifanye nini aniamini. Alifikiri sana. Akasema, "Kila kitu changu kimo katika faili yao. Jina la mke wangu limo, sauti yake nadhani imo. Kitu kimoja hakimo kwa sababu hawakuniuliza, nacho ni dolsho ya mama mkwe wangu Lul. Mwanamke atakayenipa ile, huyo ni wa nyumba yangu."

Nikamwambia basi nieleze ilikuwaje nikuokee. Akasema, "Nikikueleza, nitajuaje?"

Kwa hiyo anadhani mimi ni mwanamke mwema niliyewekwa hapa na serikali. Ewe usomaye katikati, usikasirike, naandika yalivyo.

Nimeoka kwa samli, nimeoka kwa mafuta, nimeoka kwa mayai ya kanga. Kila mara anaonja, anafuta midomo, anasema, "Mikono yako imebarikiwa, mama, lakini siyo." Anazozikataa nawauzia wateja, na sasa hoteli yangu inajaa watu wanaokuja kula keki ambazo mume wangu amezikataa. Askari nao wanakuja.

Mtafute Habaryar, Abowe. Nimechoka kuwa mwema.

Jawahir

*

Rhamu, 5 Juni 1967

Abayo wangu,

Barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikaisoma tena. Mungu akupe subira. Kaaha amejifungua mtoto wa kiume, tumemwita Mursal, analia kama mtu aliyeonewa. Ngamia wamepungua kidogo.

Sasa sikiliza. Nilikwenda kuomba kibali cha kutoka langoni kwenda Banissa. Karani akauliza sababu ya safari. Nikasema keki. Akasema keki si sababu. Sababu ni ugonjwa, kesi au mazishi. Nikachagua mazishi. Akauliza aliyekufa ni nani. Hilo nilikuwa sijaliandaa, nikasema Habaryar Bishara. Akaandika, akanipa pole, nikapata kibali.

Nilimkuta marehemu anakamua mbuzi. Nilipomweleza kwamba amekufa aliuliza tangu lini, na kama waliolia walikuwa wengi. Shida ilikuja baadaye. Yule karani ni mtu wa kazi, alikuwa amepeleka taarifa, na siku ya mgawo wa unga wakamfuta Habaryar kwenye orodha. Alisimama mbele yao na debe lake mkononi, akasema, "Mimi ndiye Bishara." Wakamwambia warithi waje na karatasi. Nikaona siwezi kumwacha pale na njaa ya kifo nilichokitunga mwenyewe. Nimekuja naye. Langoni ameandikwa kama mjane asiye na jamaa, kwa hiyo hapa nyumbani kwangu anakaa kama mtu baki, na mbele ya askari haturuhusiwi kufanana.

Nilipomwuliza habari ya dolsho alicheka mpaka akakaa chini, kisha akacheka akiwa amekaa. Ni uzee. Alipotulia alinieleza, nami nimeyapanga maneno yake vizuri, kama ifuatavyo:

Mayai ………, yapigwe mpaka povu lisimame lenyewe. Sukari glasi ………, iingie kidogo kidogo. Unga wa ngano glasi ………, uchungwe. Iliki punje ………, itwangwe. Paka sufuria samli. Makaa chini vipande ………, juu ya kifuniko vipande ……… . Usifunue mpaka harufu ikufuate mlangoni.

Hiyo ndiyo. Mpe Nunow, na umwambie shemeji yake anamsalimu.

Warfa

*

Garissa, 28 Juni 1967

Abowe Warfa,

Nimefurahi kwa ajili ya Mursal, Mungu amkuze. Mwambie Habaryar kwamba hapa Garissa tunamhesabu hai.

Barua yako imefika ikiwa na matundu. Wamekata kwa makasi kila mahali palipokuwa na namba. Nimeinyanyua juani na naweza kumwona Saynab upande wa pili kupitia mayai. Nilikwenda kumwuliza karani wa posta, akasema namba hazipiti wakati huu, namba ni jambo la kijeshi. Nikamwambia ni mayai. Akasema, "Ndivyo unavyosema."

Nilibahatisha. Ilitoka nzuri, ndefu, laini. Nunow alikula kipande, akashukuru, akanikazia mlango wa banda uliokuwa umelegea ili kurudisha wema. Siyo.

Nakuomba mambo mawili. La kwanza, tafuta njia ya kuniandikia vipimo bila namba. La pili, niambie Habaryar alichekea nini. Mtu hachekei uzee wake mwenyewe mpaka akae chini.

Jawahir

*

Rhamu, 20 Julai 1967

Abayo Jawahir,

Sisi ni wazima. Mursal ameanza kucheka, hasa akimwona Habaryar, ambaye kwa karatasi si jamaa yake. Habari za ngamia usiniulize kwa sasa.

Vipimo ni hivi, na wewe ni mtu wa Rhamu utanielewa. Mayai: kama watoto wa mzee Dagane. Sukari: glasi kama wake wa Ogle jirani yetu. Unga: kama wake wa Ogle kabla hajamwacha yule wa Wajir. Iliki: kama visima vya njia ya Banissa. Makaa ya chini: kama meno aliyokuwa nayo mzee Dagane uzeeni. Makaa ya juu yawe mengi, yazidi meno hayo mara mbili. Moto ushuke toka juu na upande toka chini kwa wakati mmoja.

Kifuniko usikiguse. Nasisitiza. Hata Mama hakukigusa.

Habaryar alichekea mambo yake.

Warfa

*

Garissa, 2 Septemba 1967

Abowe,

Natumaini u mzima. Nimekuandikia mara mbili hujajibu. Saynab ameahirisha harusi yake, anasema hawezi kuolewa jirani yake akiwa hivi.

Wamekuja hotelini kuniuliza Dagane ni nani. Nikasema ni mzee aliyekufa zamani. Wakauliza watoto wake wako wangapi, wana silaha gani, na huo moto utakaoshuka toka juu na kupanda toka chini kwa wakati mmoja utawaka wapi. Nikasema kwenye sufuria. Wakaandika "sufuria" na kuuliza iko wilaya gani.

Afisa wao si mtu mbaya. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba wamekushika huko kaskazini na kwamba umeulizwa juu ya keki siku nyingi, na kila ukiulizwa unasema kitu kimoja, kwamba iliinuka kama nundu ya ngamia. Sasa wanataka kujua nundu ni nini.

Kama umeruhusiwa kusoma hii, Abowe, vumilia. Kosa ni la dolsho, na mimi ndiye niliyeitaka.

Jawahir

*

Garissa, 14 Oktoba 1967

Kwako Abowe Warfa,

Nimeambiwa wamekuachia na umerudi kwa Kaaha. Nimesali rakaa mbili za shukrani na nimelia kidogo jikoni. Saynab ameolewa Ijumaa. Bwana harusi kweli ana meno yote. Afisa amesema naweza kukuandikia yaliyotokea bila kukatwa, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwepo.

Aliniita ofisini akasema, "Mama, mimi nimechoka na jambo hili. Kama maandishi yale ni ya keki, yaoke mbele yetu. Ikitoka keki, kaka yako anarudi nyumbani. Isipotoka, basi ilikuwa na maana nyingine."

Nilikwenda na sufuria, makaa, unga na mayai ya jirani zangu wote. Nunow alifuata nyuma. Tangu arudi hajasogelea mtu mwenye sare. Askari wakija kunywa chai huwa anahamia nyuma ya banda. Nilimwambia abaki. Akasema, "Umenilisha miezi yote hii. Siwezi kukuacha uende kwao peke yako." Akaja, akakaa chini karibu na moto wangu.

Tulianza na ubishi wa mayai. Mimi nilisema watoto wa Dagane ni wanane. Afisa alifungua karatasi zake akasema wewe, Abowe, huko kaskazini umesema tisa. Ni wale mapacha, Abowe, mimi siku zote nimewahesabu kama mmoja kwa jinsi walivyokuwa hawaachani. Afisa alishauriana na sajini, akatoa uamuzi kwamba kwa sheria pacha ni watu wawili. Nikavunja tisa.

Nilipiga mayai mpaka povu likasimama. Nilifanya yote kama ulivyoandika. Nikamimina, nikafunika, nikapanga makaa juu. Hapo sajini akasogea. Akasema chombo kilichofungwa hakiruhusiwi mbele ya ofisi. Nikamwambia ni lazima kifungwe. Akasema, "Basi nitakuwa naangalia." Akakifunua kwa ncha ya fimbo, akachungulia, akafunika. Makaa yakamwagika. Nikayapanga. Akafunua tena. Alipochoka yeye akaja mwenzake, naye akataka kuona kwa macho yake, kwa sababu hakuwepo mwenzake alipoangalia. Nilimwomba afisa awazuie. Akasema hawezi kuzuia ukaguzi. Majivu yakawa yanaingia ndani. Nilisikia mvuke ukitoka kila mara, na nikajua uhuru wako unatoka nao.

Niliipakua mbele yao. Katikati ilikuwa imedidimia kama kitanda cha kamba. Pembeni ilikuwa ngumu, chini nyeusi. Ganda la yai lilikuwa limejitokeza juu.

Afisa aliizunguka. "Mama," akasema, "hii si keki."

"Ni dolsho, afande."

"Keki huumuka. Hii imelala." Alikuwa na huzuni kweli. "Sasa kaka yako nitamsaidiaje?"

Nilikuwa natazama majivu mikononi mwangu. Ndipo Nunow akasimama. Akasema, "Afande, naomba nionje."

Wakamruhusu. Alikata kipande, na kilikatika kwa shida. Alitafuna muda mrefu. Akakata cha pili akatafuna hicho pia.

"Ndiyo hii," akasema.

Afisa akauliza ndiyo ipi.

"Dolsho ya harusi yangu. Mimi na jamaa zangu tulikaa uani, tukiona mpaka jikoni. Mama mkwe alikuwa hajaoka maisha yake yote. Alikuwa na hofu isitoke vizuri tukamcheka binti yake, kwa hiyo kila mara alikuwa anafunua kifuniko kuitazama. Mdogo wake alimwambia, 'Iache.' Hakuiacha. Ilikuja imeshuka katikati hivi, imeungua chini hivi, na ganda la yai. Tukanyamaza wote. Kisha tukaila yote, kwa sababu alikuwa amesimama pale anatutazama." Akafuta midomo. "Hapa nimekuwa nikipewa keki nzuri tangu Idi. Nzuri mno. Nikasema hizi ni za serikali, wana mpishi. Lakini hii hakuna ofisi inayoweza kuibuni."

Halafu akanigeukia mimi. Sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya mtu anayeuliza funguo ziko wapi.

"Jawahir," akasema, "Mama alijua?"

Abowe, ilikuwa mara ya kwanza kusikia jina langu kinywani mwake tangu walipomchukua. Nilitaka kujibu vizuri, lakini nilichosema ni, "Sijui. Mimi nilikuwa ndani."

"Nilimwambia ni tamu," akasema. "Akanikatia kipande kingine."

Afisa alichukua kipande chake. Alitafuna, akaacha, akatafuna. Sajini alikuwa na kalamu tayari, akauliza aandike nini, keki au si keki. Afisa alifikiri mpaka chai yake ikapoa, akasema, "Andika: ni chakula." Akatia sahihi. Akaniambia ujumbe utakwenda kaskazini jioni ile ile. Kisha akaniomba kile kilichobaki, akasema ni ushahidi, lakini nilimwona akiufunga kwenye kitambaa chake.

Tulirudi kwa miguu. Nunow hakukaa barazani. Aliingia ndani bila kubisha hodi, akasimama katikati ya chumba, akaniuliza ni nani aliyehamisha kitanda chake. Nikasema ni mimi, kwa sababu paa linavuja. Akasema aliwahi kuniambia kitanda kisikae chini ya dirisha. Tukabishana juu ya kitanda mpaka adhana.

Sasa nataka kukuuliza wewe uliyebeba sinia. Uliniandikia nundu ya ngamia. Uliniandikia dhahabu. Uliniandikia kwamba Mama hakukigusa kifuniko. Habaryar alichekea nini? Safari hii niandikie.

Dada yako,
Jawahir

*

Rhamu, 26 Novemba 1967

Kwa Abayo Jawahir, na kwa shemeji yangu Nunow aliye mwenye nyumba,

Asalaam aleikum nyote wawili. Nimeandika majina yenu pamoja nikayatazama, kisha nikaendelea.

Mimi niko nyumbani. Nimekonda, lakini nakula, kama ulivyosema wewe juu ya mtu mwingine. Mursal ana jino. Redio imesema wakubwa wamepatana na vita vimekwisha, na lango letu sasa linaachwa wazi mchana kutwa. Mbuzi wa kwanza kutoka alisimama katikati yake akarudi ndani. Ngamia hawapo. Walikufa uani, mmoja baada ya mwingine, kwa kukosa malisho, na sikukuandikia kwa sababu ungefanya nini. Yule niliyeachiwa na Mama alikuwa wa mwisho. Sasa nimeandika na yamekwisha.

Habaryar tumekwenda kumfufua. Karani ni yule yule. Alisema hana fomu ya kurudisha mtu, anayo ya mtoto mchanga tu. Kwa hiyo Habaryar amezaliwa Rhamu mwezi huu, mtoto wa kike, uzito haukupimwa, na mgawo wake ni nusu mpaka akue. Amefurahi sana. Anasema sasa Mursal ni mkubwa wake na ndiye anayepaswa kumheshimu.

Kwa habari ya dolsho. Nunow ni shemeji yangu na amepata taabu, na mimi simbishii mtu aliyepata taabu. Labda alikaa mahali pabaya. Jua la siku ile lilikuwa kali na moshi ulikuwa mwingi. Mimi nilibeba sinia, na mtu anayebeba sinia anaitazama kutoka juu, haoni kama anavyoona aliyekaa chini. Nilipoulizwa na wale watu huko, mchana na jioni, nilisema nundu ya ngamia, na hata sasa nikiulizwa na mtu wa nje nitasema nundu ya ngamia. Mama alikuwa amesimama mlangoni na vumbi la unga hadi kwenye nyusi, akaniuliza, "Wanakula?" Nikamwambia, "Wanakula, Mama, hawana hata muda wa kuzungumza." Basi huo ndio ushahidi wangu na siubadilishi.

Habaryar amekaa kando yangu na anataka niongeze neno. Siongezi. Ameanza kucheka tena.

Msafara wa malori utashuka Garissa kabla ya mfungo, nami nimepata nafasi, bila kumzika mtu. Nitakaa kwenu siku kadhaa nimwone Nunow na huo ubishi wa kitanda. Nikifika, Abayo, usijisumbue kuoka. Chai inatosha.

Kaka yako,
Warfa